Wafungashaji wa Debian na vigezo vya kompaila

Mfungashaji mzuri wa programu huria hajitungii vigezo vya kompaila. Hufuata vya mfumo. Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, huvitoa kupitia dpkg-buildflags: CFLAGS kwa kompaila, LDFLAGS kwa kiunganishi. Ustadi huonekana kwenye Makefile, faili la maelekezo ya kujenga programu. Mwandishi wa programu akiweka CFLAGS = -O2, vigezo vya ulinzi vilivyotoka dpkg-buildflags hutupwa kimyakimya, na programu hujengeka bila kulalamika. Mfungashaji huongeza alama moja tu, ikawa ?=, ili thamani ya Makefile itumike pale tu ambapo hakuna iliyotoka nje, kisha hukagua mstari wa kuunganisha kama una LDFLAGS, maana hiyo husahaulika mno. Ni kazi ya kuchosha, isiyo na vigelegele. Lakini kwa kazi hiyo, kompyuta yenye Debian huko Kamuli, wilayani Kyerwa, hupokea kifurushi chenye kinga ileile inayofika Berlin.