Ubora wa Picha ya Mtu Inayochungua Nafsi

Picha ya mtu inayochungua utambulisho au afya ya akili hupimwa kwanza kwa kazi ya rangi, kisha kwa huzuni iliyomo. Machozi, kichwa kilichoinama na mkono ulioshika tama ni alama rahisi. Mchoraji dhaifu huzikimbilia kwa kuwa hutambulika papo hapo, na mtazamaji akishazitambua hana sababu ya kuendelea kutazama.

Kigezo kizito zaidi ni kama aliyechorwa amebaki mtu au amegeuzwa kuwa ugonjwa. Vincent van Gogh alijichora Januari 1889, wiki chache baada ya kujikata sikio mjini Arles. Bendeji iko upande wa kulia kwa sababu alijitazama kwenye kioo. Sikio lililoumia lilikuwa la kushoto. Hakuficha jeraha, wala hakulifanya kuwa habari yote: koti limefungwa kifungo, macho yametulia, na nyuma yake zimo turubai na picha ya Kijapani. Anayeonekana ni fundi aliyerudi kazini. Septemba mwaka huohuo, akitibiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, alijichora tena. Safari hii mandhari ya nyuma inazunguka kama maji ya mkondo, na michirizi hiyohiyo ya brashi inaingia hadi kwenye koti. Uso peke yake umetulia. Msukosuko umebebwa na mkono wa mchoraji, na huo ndio ustadi wenyewe.

Ngozi nayo hufichua mengi. Ngozi nyeusi iliyopakwa kahawia moja na kuwekewa doa jeupe la mng'ao ni kazi ya haraka. Mtanzania Sungi Mlengeya huacha nguo na mandhari ya nyuma viungane katika weupe mmoja, hivyo mwanamke hujengwa kwa ngozi tu. Ukingo ukikosewa kidogo, umbo lote huporomoka.

Ishara hupimwa kwa kuziondoa kimawazo. Katika picha ya Frida Kahlo ya mwaka 1939, mwaka aliotalikiana na Diego Rivera, Frida wawili, mmoja katika gauni la Kizungu na mwingine katika vazi la Kimeksiko la Tehuana, wameunganishwa kwa mshipa wa damu. Ukiufuta mshipa huo, wanabaki wanawake wawili walioketi pamoja. Ishara ambayo kuondolewa kwake hakubadilishi kitu ni pambo.