Maana ya Neno na Maana ya Sauti: Kipimo cha Leipzig na Toni za Kinyamwezi

Mtu asikiapo sentensi isemayo kwamba mkulima alishika jembe akaenda kulima uji, ubongo wake, takribani milisekunde 400 baada ya neno hilo la mwisho kuanza kusikika, hutoa wimbi dogo la umeme hasi ambalo Marta Kutas na Steven Hillyard walilieleza mwaka 1980 na ambalo wataalamu huliita N400. Wimbi hilo huongezeka kadiri neno linavyokuwa gumu kuunganishwa na maana iliyolitangulia.

Mwaka 2004 Stefan Koelsch na wenzake wa Leipzig, Ujerumani, walikihamishia kipimo hicho kwenye muziki. Wasikilizaji walivikwa elektrodi, yaani vipokezi vinavyonasa umeme wa ubongo juu ya ngozi ya kichwa, wakasikilizishwa ama sentensi ama kipande kifupi cha muziki, kisha wakaoneshwa neno moja, kwa mfano "upana" au "ufinyu", lililolandana au lisilolandana na walichokisikia. Neno lisilolandana liliamsha N400 kubwa zaidi hata pale lilipotanguliwa na muziki mtupu, jambo linaloonesha kwamba sauti za ala, bila shairi lolote, huweza kuiandaa akili ipokee maana fulani.

Jaribio hilo ni la kusifiwa kwa usafi wake, lakini usafi huo ulitokana na kuutenga muziki na maneno, tena kwa wasemaji wa Kijerumani, lugha ambayo kidatu chake, yaani kiwango cha kupanda na kushuka kwa sauti, hakitofautishi neno na neno. Kinyamwezi cha Nzega, magharibi mwa Tanzania, ni lugha ya toni: humo kidatu ni sehemu ya umbo la neno, na huweza kubeba tofauti ya maana. Kwa hiyo wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, walipomwitikia kirangozi, kiongozi aliyetangulia msafara, katika njia ndefu kati ya Unyanyembe, huko bara, na pwani, na wakulima walioimba wakilima pamoja, walitumia kidatu kilekile kwa kazi mbili, ya neno na ya wimbo.

Je, ubongo huzigawaje kazi hizo? Utafiti wa Philippe Albouy na Robert Zatorre na wenzao, uliotolewa mwaka 2020, ulionesha kwamba katika nyimbo zisizo na ala maneno hutegemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo, na lahani hutegemea zaidi upande wa kulia. Hata hivyo, wasikilizaji wake walikuwa wasemaji wa Kiingereza na Kifaransa, ilhali tafiti za Jack Gandour kuhusu Kithai, ambacho nacho ni lugha ya toni, zimeonesha kwamba kidatu kikishakuwa sehemu ya neno, wenye lugha hukichakata zaidi upande wa kushoto. Mgawanyo safi wa neno kushoto na lahani kulia hauwezi, basi, kuchukuliwa kuwa kanuni ya wanadamu wote.

Wataalamu wa isimu na wa ubongo katika vyuo vikuu vya Tanzania wazipeleke elektrodi hizo Nzega, wakapime nyimbo za kulima, wakati wazee wanaozijua kwa toni zake kamili wangali hai.