Ratiba ya marubani si chakula cha kuku

Kila aliyesoma agronomia amekutana na ile hesabu ya kutafuta chakula cha kuku cha bei ndogo: mahindi kiasi gani, soya kiasi gani, protini isishuke chini ya kipimo. Tunapita mtihani, basi. Hawatuambii kama hesabu yenyewe ilitoka kwa wanajeshi. George Dantzig alipata njia yake ya simplex mwaka 1947 akifanyia kazi jeshi la anga la Marekani, na «programu» lilikuwa neno la wanajeshi kwa mipango yao ya watu, mafunzo na vifaa.

Leo hesabu za ukoo huo njo zinapanga marubani: nani apande ndeke gani, saa ngapi, alale wapi. Kazi nzuri, sikatai. Ninabisha pale tunapoingia mu hesabu ya watu na kichwa cha chakula cha kuku. Protini ya kilo mbili ni mara mbili ya kilo moja. Uchovu haujumlishwi hivyo: saa ya mwisho ya safari ndefu inachosha kuliko ya kwanza, na usiku wa manane ni habari ingine kabisa. Ndiyo maana mara nyingi wataalamu wanatunga zamu nzima, kutoka kuondoka mpaka kupumzika, wanatupa zinazovunja sheria, halafu mashine inachagua kati ya zilizobaki.

Hata hiyo haitoshi, na mfano uko hapa kwetu, ku Luano. Septemba 1961, Fouga Magister moja tu ya Katanga, kutoka Kolwezi, ilipiga kiwanja hiki, na ndeke za ONU zikabadilisha njia na saa. Tarehe 17, DC-6 ya Dag Hammarskjöld ilitoka Léopoldville kuenda Ndola kwa kuzunguka mbali mashariki, juu ya kuikwepa. Baada ya saa zaidi ya sita angani ikaanguka karibu na Ndola. Sababu bado inabishaniwa. Tume ya 2015, chini ya jaji Mtanzania Mohamed Chande Othman, iliangalia pia uchovu wa marubani.

Sisemi uchovu ndio uliwaua. Ninasema mpango uliokazwa mpaka mwisho, ndeke moja ya adui inaufungua wote. Ukiambia mashine «punguza gharama», rubani wa akiba aliyelala itamuona hasara, itamfuta. Lazima mtu aandike sharti la kumlinda, hata bei ikipanda. Mu mazoezi yote niliyopewa, sharti kama hilo sijaliona hata mara moja.