Plagi ya Kiwandani Haikatwi

Kufunga redio mpya ya skrini kwenye Toyota iliyotoka Japani ni kazi ya hatua nne: kufungua dashibodi, kuunganisha umeme na spika, kupitisha waya wa antena na wa kamera ya nyuma, kisha kurudisha kila kitu na kujaribu. Hatua ya pili ndiyo inayoharibika, na huharibiwa na uamuzi mmoja: fundi kushika plaizi na kukata plagi ya kiwandani. Hilo ni kosa hata pale redio inapowaka na spika zote nne zikalia.

Haja ya kubadilisha redio yenyewe haina ubishi. Redio ya zamani ya Japani inapokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, wakati vituo vya Afrika Mashariki viko kati ya 88 na 108. Kile kidude kinachochomekwa kwenye antena kushusha masafa huongeza vituo kadhaa, lakini namba zinazosomeka si za kituo chenyewe.

Kufungua dashibodi kwa kawaida hufanyika vizuri. Nafasi ya Toyota ina upana wa milimita 200, redio nyingi za kununua zina 180, na fremu za pembeni huziba pengo hilo bila shida.

Kisha linakuja lile tukio. Nyuma ya redio ya Toyota kuna plagi mbili: moja ya pini 10, yenye umeme na spika za mbele, na nyingine ya pini 6, yenye spika za nyuma. Hanesi inayopokea plagi hizo upande mmoja na redio mpya upande wa pili inauzwa madukani, na bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya redio. Plagi inachomekwa, kazi imekwisha. Badala yake nyaya hukatwa, humenywa, husokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi.

Madhara ya kwanza ni ya rangi. Katika Toyota, waya wa bluu wenye mstari wa njano ndio unaoleta umeme wa kudumu kutoka kwenye betri. Wa kijivu unapata umeme ufunguo ukigeuzwa. Wa kahawia ni eathi. Katika redio za kununua, umeme wa kudumu ni wa njano, wa ufunguo ni mwekundu, eathi ni nyeusi, na bluu ni waya unaotoa umeme kidogo wa kuamsha antena au amplifaya. Anayeunganisha bluu na bluu kwa kufuata macho anapeleka umeme wote wa betri mahali palipokusudiwa kutoa, si kupokea. Waya wa kijivu nao, ambao kwenye redio mpya ni wa spika ya mbele kulia, unangoja kosa kama hilo. Plagi ikiwa nzima, hanesi imekwisha kulitatua jambo hili. Ikikatwa, linabaki kwenye kumbukumbu ya fundi.

Madhara ya pili yako kwenye spika. Redio za leo huendesha kila spika kwa nyaya mbili ambazo hakuna hata mmoja ulio eathi. Kila mmoja hukaa kwenye karibu nusu ya volti za betri. Dashibodi inayoshinda juani Dar es Salaam au Mombasa hulainisha gundi ya tepu, barabara ya vumbi hutikisa kilichosokotwa, na siku waya wa spika utakapogusa bodi la gari, redio itajizima au saketi yake ya amplifaya itaungua. Mwenye gari ataambiwa redio ilikuwa feki.

Paul Galvin na wenzake, waliofunga redio ya kwanza ya Motorola kwenye gari mwaka 1930, walitoboa na kukata kwa sababu hapakuwa na plagi ya kutegemea, na bado walihangaika hadi kuondoa mngurumo wa plagi za cheche za injini kwenye spika. Mafundi wa enzi za kaseti waliolazimika kuunga waya waliuunga kwa risasi na chuma cha moto. Fundi wa leo amewekewa kila kitu tayari, naye anakitupa.

Madhara ya tatu nayo huzaliwa na kukatwa huko. Plagi ikishakatwa, ni rahisi kufunga waya mwekundu na wa njano pamoja kwenye umeme wa kudumu. Redio haijui tena kwamba ufunguo umetolewa, inaendelea kunywa betri, na gari linasukumwa asubuhi. Zikiunganishwa zote kwenye waya wa ufunguo, redio inasahau vituo kila gari linapozimwa.

Waya wa handibreki nao huunganishwa moja kwa moja na eathi ili video icheze gari likiwa barabarani. Waya huo uliwekwa kumzuia dereva asitazame filamu, na kuudanganya ni kuhatarisha watu. Kuhusu ile "50W x 4" iliyoandikwa kwenye boksi la redio, hesabu inatosha: volti 14.4 zikizidishwa kwa zenyewe na kugawanywa kwa omu 4 zinatoa karibu wati 52, yaani kilele ambacho muziki safi haukifikii. Muziki safi hupata kama nusu yake, au pungufu.

Kamera ya nyuma hufungwa vizuri na mafundi wengi, na waya wa GPS hufichwa ipasavyo.

Mwenye gari na aulize kabla skrubu ya kwanza haijafunguliwa: hanesi ya Toyota ipo? Kama haipo, dashibodi isiguswe siku hiyo.