Pigo na Kinga

Kupima uzuri wa wimbo ni jambo lililozoeleka, na kupima uzuri wa shairi ni jambo linalofundishwa. Lakini kupima uzuri wa pambano huachiwa makelele ya watazamaji. Mwenye sauti kubwa ndiye awaye hakimu, na pigo lenye kishindo ndilo lihesabiwalo kuwa bora. Nia ya insha hii ni kuonyesha kuwa pambano nalo lina kanuni za kuhakikiwa, na kwamba kanuni iliyo kubwa kuliko zote ni hii: pigo zuri ni kazi ya watu wawili, yule apigaye na yule akingaye.

Mfano wetu ni kirumbizi, ngoma ya fimbo ya watu wa Lamu. Huchezwa katika harusi, na katika shamrashamra za Maulidi ya Mfungo Sita, wakati wageni wafikapo Lamu kutoka Pate, Siu, Faza, Malindi, Mombasa na mbali zaidi. Wanaume hufanya duara. Nzumari hulia, ngoma huitikia, na watu wawili huingia kati, kila mmoja na fimbo yake. Huzungukana kwa hatua za ngoma. Mmoja hurusha pigo, mwenziwe hulikinga. Kisha zamu hugeuka. Baada ya muda mfupi hutoka, na wengine wawili huingia. Hapana kengele ya kuanza wala ya kumaliza, na hapana anayevishwa nishani. Kwa hiyo mtazamaji hana budi kutumia akili yake mwenyewe.

Akili hiyo hutikiswa sana pale wachezaji wanapotoka katika mitaa inayoshindana. Mji wa Lamu una pande mbili zijulikanazo tangu zamani: Mkomani upande wa kaskazini, na Langoni upande wa kusini. Ushindani wa pande hizi ni chumvi ya mji. Bila ya huo sherehe hupooza, na ukizidi sherehe huharibika. Mtu wa Mkomani huona pigo la Mkomani, na mtu wa Langoni huona pigo la Langoni. Mhakiki ni yule awezaye kuyaona yote mawili.

Natoa mfano wa pambano moja nililolitazama, la mtu wa makamo wa Mkomani na kijana wa Langoni. Kijana alikuwa mrefu, mwenye mikono ya kuvutia tanga. Mwenzake alikuwa mfupi, mzito wa mwili, na mwepesi wa miguu. Pigo la kwanza la kijana lilielekea bega. Yule mzee alilipokea kwa ncha ya fimbo, akaliacha liteleze upande. La pili lilishuka kutoka juu, nalo likakutana na fimbo iliyoshikwa kwa mikono miwili. Mlio wake ulisikika juu ya ngoma, na kipande cha ganda kikaruka. La tatu lilikwepa kinga, likampata mzee mkononi, chini ya kiko.

Watu wa Langoni walipiga kelele za furaha. Hapo ndipo lilipoonekana kosa la kijana. Aliwageukia watu wake, akainua fimbo kuwapokea, wakati mwenzake yungali mbele yake. Alikuwa amepiga pigo la nguvu, lakini alidhani kuwa pigo limekwisha pale lilipogusa mwili. Nyuma ya mzee vijana kadhaa wa Mkomani walipiga hatua mbele, na duara likaanza kusinyaa. Wenye kuijua ngoma hii wanajua maana ya duara kusinyaa.

Mzee hakuusugua mkono wake. Jambo hili ni dogo kwa macho, lakini ndilo lililoliokoa pambano. Angaliusugua, vijana wake wangaliona kuwa ameonewa. Aliendelea kuzunguka kwa hatua zile zile, katika mdundo ule ule, akamngoja kijana arudishe uso wake. Aliporudisha, mzee alirusha pigo la kasi kuelekea sikio, na fimbo ikasimama upana wa kidole kutoka kwenye ngozi, sawasawa na ngoma ilipodunda. Kijana alibaki ameduwaa. Kisha alicheka, akashusha fimbo yake, na vijana wa Mkomani wakarudi nyuma. Duara lilipanuka tena.

Tukilihakiki pambano hili tutapata vipimo vitatu. Kwanza, mdundo. Kirumbizi ni ngoma kabla ya kuwa vita, na pigo lililotoka nje ya mdundo, hata likiwa kali namna gani, ni sawa na mshororo uliopungukiwa na mizani. Pili, kinga. Kinga humwonyesha mtazamaji uzito wa pigo. Pigo lisilokingwa husikika mara moja, lakini lililokingwa vizuri huonekana jinsi lilivyokuja, lilivyopokewa na lilivyogeuzwa. Tatu, mpaka. Nguvu isiyoweza kujizuia si nguvu kamili. Aliyeisimamisha fimbo karibu na sikio alihitaji nguvu nyingi kuliko aliyeiacha ianguke. Kijana alistahili sifa kwa ushujaa na kasi; mzee alistahili sifa kwa kuwa alilifanya pambano la kijana nalo lipendeze.

Kanuni hii si ya fimbo tu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Lamu na Mombasa zilipokuwa na uadui ulioishia katika vita vya Shela, washairi wao walipambana kwa tungo: Muyaka bin Haji upande wa Mombasa, na Zahidi Mngumi upande wa Lamu. Katika majibizano ya namna hiyo, mwenye kujibu aghalabu hufuata mizani na vina vya mwenzake, akamrudishia maneno yake yakiwa yamegeuzwa makali. Hapigi mahali patupu. Hulipokea pigo kwanza. Ndiyo sababu shairi la majibizano likisomwa peke yake, bila la mwenzake, hupoteza nusu ya utamu wake.

Wala msomaji asidhani kuwa ukali wa kushindana ni wa wanaume peke yao. Kirumbizi ni cha wanaume, lakini wanawake wa pwani walikuwa na vyama vya lelemama, vilivyoshindana kwa mavazi, karamu na nyimbo za vijembe. Na huko Japani wako wanawake ambao kazi yao ni mieleka ya maonyesho. Mjini Osaka, tarehe 28 Agosti 1985, Chigusa Nagayo, kipenzi cha wasichana wa shule, alipambana na Dump Matsumoto, mwanamke wa umbo kubwa na uso wa kupaka rangi, aliyejulikana kwa ukatili ulingoni. Sharti lilikuwa kwamba atakayeshindwa atanyolewa nywele mbele ya watu. Nagayo alitoka damu, akashindwa, akanyolewa, na wasichana waliomtazama wakalia kwa uchungu. Mwaka wa 1986 walirudiana mjini humo humo, na mara hiyo aliyenyolewa alikuwa Matsumoto.

Yuko atakayesema kuwa mieleka ya namna hii ni uongo, kwa kuwa mshindi hupangwa kabla ya pambano. Ni kweli kuwa hupangwa. Lakini damu ilikuwa damu, na nywele zilikuwa nywele. Matsumoto asingalitisha kama Nagayo asingalijua kuumia mbele ya watu, na Nagayo asingalipendwa vile kama Matsumoto asingalikubali kuchukiwa. Kila mmoja aliutengeneza utukufu wa mwenzake. Umbali wa Osaka na Lamu ni mkubwa, lakini kanuni ni moja.

Wako pia wazee wenye hekima waonao kuwa michezo ya kupigana huzaa uhasama, na kwamba ingefaa iachwe. Hoja yao haistahili kudharauliwa, maana ugomvi huweza kuzuka pale mpaka uvukwapo. Walakini uhasama wa mitaa haukuzaliwa na fimbo, wala hautakufa kwa kuzitupa fimbo. Ndani ya duara una mdundo wa kuufuata, watu wa kuutazama na mwisho unaojulikana. Nje ya duara hauna hata kimoja katika hivyo. Kinachoharibu mchezo ni mtazamaji asiyejua kutazama. Akishangilia maumivu tu, mchezaji atampa maumivu. Akishangilia kinga, mchezaji atajifunza kukinga.

Basi utakaposimama kando ya duara, usiulize kwanza nani kampiga nani. Tazama pigo limetoka wapi, limepokewaje, na aliyepigwa amefanya nini baadaye. Msifu mtu wa mtaa mwingine iwapo amestahili, na umlaumu wa mtaa wako iwapo amekosea. Wahenga walisema kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Kadhalika, asiyeweza kumsifu mpinzani hajawa mtazamaji.