Bomba Lililoingia Motoni

Kipande cha bomba la udongo kutoka tanuri la kale la Kemondo, pale kando ya Ziwa Viktoria kati ya Bukoba na Muleba, hakina sura ya kitu cha maana hadi ukigeuze. Mwisho mmoja ni mwekundu kama tofali. Mwisho wa pili umekuwa kijivu, na ubavuni umegandamana na mavi ya chuma yanayong'aa kama chupa. Huo ubavu ndio uliowashika watafiti Peter Schmidt na Donald Avery. Bomba lililoishia mlangoni mwa tanuri lingeungua ncha tu. Hili lilizamishwa ndani.

Mwaka 1976 wazee wa Kihaya, wenyeji wa huko, walilijenga tanuri la namna hiyo upya mbele ya watafiti hao. Walisiliba shimo kwa udongo wa kichuguu, wakachomea humo nyasi za bwawani, wakapandisha kuta juu yake. Kisha mabomba manane yakaingizwa kuzunguka tanuri, kila moja likizama kama nusu mita, na mivukuto ikaanza kupigwa.

Fikiria upepo wenyewe. Ukiingia baridi, kwanza utanyang'anya makaa joto, ndipo usaidie kuchoma. Lakini hapa unapita nusu mita ya udongo uliozungukwa na moto, na njiani unachukua joto ambalo halikuwa na kazi nyingine. Mskochi James Neilson alipata hati ya uvumbuzi wa kupasha upepo wa tanuri mwaka 1828, ila yeye aliupasha nje, kwenye chombo cha peke yake. Schmidt na Avery waliandika habari ya Wahaya katika jarida la Science mwaka 1978. Mwaka 1986 J. E. Rehder akawapinga, akisema joto lililopatikana bombani ni dogo kuliko walivyodai. Hesabu nawaachia wao; mimi nimeshikwa na udongo.

Maana kazi yote iko kwenye ukuta wa bomba. Ukiwa mnene, joto halipiti. Ukiwa mwembamba, unayeyuka kabla chuma hakijaiva. Wahandisi wa Oarai, Japani, wanalijua fumbo hilo. Kinu chao cha nyuklia kilitoa heliamu yenye nyuzi 950 za Selsiasi mwaka 2004, na kihamisha joto chake kina mirija ya aloi ya nikeli: heliamu ya kinu inapita nje, heliamu safi, iliyokusudiwa kupelekea kiwanda joto, inapita ndani, na hazikutani kamwe. Mrija ule hauruhusiwi kutoboka. Bomba la Kihaya lilikubaliwa kuliwa na moto taratibu, huku likiendelea kupuliza, na hapo ndipo ninapowavulia kofia.

Jembe lako likigonga kipande cha namna hiyo shambani Kemondo au Katuruka, tazama ung'avu umeanzia wapi: ndipo ulipokuwa ukuta wa tanuri. Kisha kiache mahali pake, umwite anayehusika na mambo ya kale.