Taa za Kupigia Video Chini ya Maji: Hesabu ya Umbali

Tangazo la taa ya kupigia video chini ya maji huanza, takriban kila mara, na idadi ya lumeni, yaani kipimo cha jumla ya mwanga unaotolewa na taa, na mnunuzi ambaye ameshalipia kamera ndogo ya aina ya GoPro hushawishika kuamini kwamba taa ya lumeni 5,000 itamfaa mara mbili na nusu kuliko ya lumeni 2,000. Imani hiyo ingekuwa na msingi endapo bahari ingekuwa hewa. Majini, kinachoamua iwapo rangi itafika kwenye lenzi ni umbali ambao mwanga umesafiri, na lumeni, pembe ya mwanga, betri na hata namna taa inavyofungwa ni mambo ya kuamuliwa baada ya umbali huo kujulikana.

Maji hufyonza rangi kwa viwango visivyolingana. Mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 650 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ukishasafiri mita 10 katika maji safi kabisa, hubaki asilimia 3 tu ya ule ulioingia, ilhali mwanga wa buluu wa nanomita 450 hubaki asilimia 90 na ushei katika safari hiyo hiyo. Ndiyo maana sifongo nyekundu iliyoota mita 15 chini, katika miamba ya mlango wa Kinasi ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, huonekana ya kijivu hata jua likiwa la utosini, na damu ya kidole kilichochanwa na tumbawe kwenye kina kirefu zaidi huonekana ya kijani. Kazi ya taa, basi, si kuondoa giza peke yake, bali ni kuurudisha wekundu ambao maji yameshaumeza.

Hata huo wekundu wa taa nao humezwa, tena mara mbili, kwa kuwa mwanga hutoka kwenye taa hadi kwa kinachopigwa, kisha hurudi kutoka hapo hadi kwenye lenzi. Chewa aliyejibanza chini ya jabali, nusu mita kutoka kwenye kamera yenye taa kando yake, humulikwa na mwanga unaosafiri mita 1 kwa jumla, na karibu asilimia 71 ya wekundu huo husalia. Akiwa mita 3, safari huwa ya mita 6 na wekundu unaosalia ni asilimia 13. Juu ya hilo mwanga hupanuka kadiri unavyokwenda, hivyo umbali ukiongezeka mara 6 eneo linalomulikwa huongezeka mara 36, na kila sentimita ya mraba hupata sehemu moja tu ya 36 ya mwanga wa awali. Sababu hizo mbili zikizidishwa, wekundu unaofika kutoka kwa chewa wa mita 3 ni takriban sehemu moja ya 200 ya ule wa chewa wa nusu mita. Anayempata vizuri kwa karibu kwa taa ya lumeni 1,000 angehitaji lumeni 200,000 ili apate rangi ile ile akiwa mbali, taa ambayo hakuna mzamiaji atakayeishika mkononi, ilhali kusogea mbele hakumgharimu senti.

Bahati njema, kamera hizi zina lenzi pana, na upana huo ndio unaomwezesha mpigaji kusogea bila kumkata samaki mkia. Kioo bapa cha kasha la kamera, hata hivyo, huupunguza kwa sababu ya mpindo wa mwanga, yaani kubadilika kwa uelekeo wa mwanga unapovuka kutoka majini kuingia hewani, hata pembe ya nyuzi 120 iliyopimwa nchi kavu hubaki kama nyuzi 81 chini ya maji. Kwa umbali wa nusu mita, pembe hiyo huingiza kwenye picha upana wa karibu sentimita 85. Tochi ya kuzamia yenye pembe ya nyuzi 15, ambayo ni nzuri sana kwa kumchungulia mkunga shimoni, huweka katikati ya sentimita hizo 85 duara la sentimita 13 lililoungua kwa weupe, huku pembeni kote kukiwa kiza. Dukani tochi ya namna hiyo hudanganya kwa urahisi, kwani lumeni zile zile zikibanwa kwenye nyuzi 15 badala ya kuenezwa kwenye nyuzi 120 hung'aa mara 58 zaidi, na jicho hupenda mng'ao. Taa ya video yafaa iwe na pembe isiyopungua ile ya lenzi, isiwe na kitovu kikali, na muuzaji aulizwe kama nyuzi zilizoandikwa kwenye boksi ni za hewani au za majini, maana taa yenye kioo bapa hupungua vile vile kamera inavyopungua.

Kipimo ambacho wanunuzi wengi hukiruka, na ambacho pengine kinastahili uzito kuliko lumeni, ni kielezo cha uhalisia wa rangi, kinachoandikwa kwa herufi CRI, yaani alama ya hadi 100 inayoonyesha jinsi rangi zinavyokaribia, chini ya taa hiyo, sura zilizo nazo chini ya mwanga wa kulinganishia. Taa nyingi za LED hutengeneza weupe kwa kipande cha elektroniki kinachotoa mwanga wa buluu, juu yake pakapakwa kemikali inayogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa manjano, na mchanganyiko huo jicho huuona mweupe ingawa wekundu ndani yake ni haba. Tatizo ni kwamba alama ya jumla hukokotolewa kwa sampuli 8 za rangi zisizokolea, na wekundu mkolevu haumo kati yake. Una alama yake ya peke yake, R9. Taa yaweza kujivunia alama 80 na bado ikawa fukara wa rangi ile ile iliyonunuliwa kuirudisha. Taa ya lumeni 1,500 yenye kielezo cha zaidi ya 90 na R9 iliyo juu itaipaka sifongo ile wekundu wake kuliko taa kubwa ya bei rahisi.

Baada ya rangi huja suala la chembe. Mto Rufiji humwaga matope yake mkabala na Mafia, na hata nje ya masika, siku za bamvua maji yanapotoka ghuba ya Chole kwa kasi, huja na vipande vya mwani na mchanga laini. Taa ikifungwa juu kabisa ya lenzi, kama seti nyingi za bei nafuu zinavyouzwa, humulika kwanza chembe zilizo sentimita chache mbele ya kioo, nazo hung'aa kama vumbi katika mwale wa jua uliopenya tundu la bati. Dawa ni mikono miwili inayozitenga taa sentimita 30 au 40 kila upande, kila taa ikigeuzwa nje kidogo, ili kingo za ndani za mianga zikutane kwa chewa mwenyewe na maji yaliyo kati yake na lenzi yabaki kivulini. Kwa hiyo taa mbili za wastani ni bora kuliko moja kubwa. Usiku chembe huwa hai: wavuvi wa dagaa wanajua tangu enzi za karabai kwamba mwanga huita viumbe, na anayetulia sekunde chache mbele ya pweza atakuta vijidudu vimejaa mbele ya lenzi, hivyo ni heri taa iwe na mwanga mwekundu wa kutafutia njia, ule mweupe uwashwe wakati wa kupiga tu.

Betri nayo ina hesabu yake. Betri ya aina ya 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, huhifadhi takriban wati-saa 12. Taa yenye betri moja kama hiyo, inayotoa lumeni 100 kwa kila wati, ikiwashwa kwa lumeni 2,000 hula wati 20, hivyo huzimika baada ya dakika 36, kabla ya mzamio wa kawaida kwisha. Isijaribiwe muda mrefu juu ya boti, kwani maji ndiyo yanayoipoza.

Kamera ikiachiwa iamue yenyewe urari wa weupe, yaani rangi ipi ihesabiwe kuwa nyeupe, hubabaika kati ya buluu ya nyuma na wekundu wa mbele, na picha hubadilika rangi katikati ya tukio. Ni salama kuufunga kwenye takriban kelvini 5,500. Kichujio chekundu cha lenzi, kinachofaa kwa mwanga wa jua kwenye kina kidogo, kivuliwe taa zinapowashwa, la sivyo chewa atatoka kama aliyepakwa rangi. Kinyume chake, papa potwe wanaofika karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Machi, wakiwa na urefu unaoweza kufikia mita 6 na zaidi na wakila juu juu katika maji yaliyojaa planktoni, hawaingii kwenye picha kwa nusu mita, na taa yoyote itakayoelekezwa kwao itamulika chakula chao tu. Siku hiyo kichujio hurudi kwenye lenzi, na taa zote mbili hubaki kwenye boti.